Gurudumu la Mbele Linapovuma: Kuitambua Beringi Iliyokufa na Kuibadilisha

Mvumo wa beringi ya gurudumu hauji siku moja. Huanza chinichini gari likifika kilomita 60 au 70 kwa saa, na dereva akadhani ni lami. Wiki zinapita, mvumo unapanda, redio inaongezwa sauti. Siku abiria anapouliza kinachonguruma ni nini, beringi imekwisha kitambo.

Ukifikia hapo, una mambo mawili ya kuhakikisha. La kwanza ni kujua kwa yakini kama kweli ni beringi, na ni ya gurudumu lipi, kabla hujatoa hela. La pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike, ni namna beringi mpya inavyoingizwa mahali pake. Beringi nzuri ya bei kubwa inaweza kuuawa kwa mapigo machache ya nyundo kabla haijazunguka barabarani hata mita moja, na mwenye gari akarudi nyumbani akiilaumu spea.

Nitazungumzia zaidi magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele ambayo yamejaa barabara zetu: Toyota kama Vitz, IST, Probox na Corolla za miaka ya 2000. Kwenye magari hayo beringi ya mbele ni kipande kimoja kilichofungwa pande zote, nacho kimeshindiliwa ndani ya kile chuma kizito kinachobeba gurudumu, ambacho mafundi hukiita nako. Aina nyingine nitazigusa kwa kifupi.

Kinachotokea ndani

Beringi hiyo ina pete ya nje, pete za ndani, na katikati safu mbili za gololi za chuma zinazobiringika kwenye grisi. Pete ya nje imekaa kwenye nako na haizunguki. Pete za ndani zimeishika habu, na habu ndiyo inayobeba diski na rimu. Kila upande kuna sili ya mpira inayozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Grisi hiyo iliwekwa kiwandani mara moja tu, na hakuna mahali pa kuongeza. Ukiambiwa kwamba sili itachokolewa kwa bisibisi na grisi mpya kujazwa, kataa. Kelele inaweza kupungua kwa siku chache, lakini chuma kilichomomonyoka hakirudi.

Kumomonyoka huko kuna sababu zake. Gari likipita kwenye maji ya mafuriko yaliyofika usawa wa habu, maji yakiipenya sili, grisi huharibika na kutu ikaanza. Gurudumu likitumbukia shimoni kwa kasi, gololi huigonga pete na kuacha vijishimo vidogo. Na hata gari likitunzwa vizuri, chuma kinachobebeshwa uzito na kuachiwa, kubebeshwa na kuachiwa, kwa mamilioni ya mizunguko huchoka, na vipande vidogo huanza kubanduka kwenye njia ya gololi. Kipande kikishabanduka, kila gololi inayopita hapo inagonga. Tairi la 175/65R14 lina mzingo wa mita 1.8 hivi, kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 12 kila sekunde, na katika kila mzunguko gololi kadhaa zinapita juu ya kidonda kilekile. Ndiyo maana husikii mgongano mmojammoja. Unasikia mvumo mmoja mrefu, kama wa ndege inayopita mbali.

Sikiliza barabarani kwanza

Tafuta barabara iliyonyooka, yenye lami nzuri na isiyo na magari mengi. Zima redio na feni ya kiyoyozi, funga vioo. Ongeza mwendo taratibu na uweke akilini ni kwenye kasi gani mvumo unaanza. Kisha, gari likiwa linakwenda sawa, toa mguu kwenye mafuta na uweke gia huru. Usizime injini, maana ukiizima usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza nguvu ya ziada. Ikiwa mizunguko ya injini imeshuka lakini mvumo umebaki vilevile na unapungua tu gari linapopunguza mwendo, chanzo kinazunguka pamoja na magurudumu. Ikiwa sauti inabadilika papo hapo unapokanyaga mafuta na kuyaachia, fikiria kwanza gia boksi kabla ya beringi ya gurudumu.

Sasa jaribu kuyumbisha. Kwenye barabara pana na tupu, kwa mwendo wa kilomita 50 au 60, kata usukani kidogo kulia, rudisha, kisha kidogo kushoto. Gari linapokata kulia, uzito unaegemea magurudumu ya kushoto. Kwa hiyo mvumo ukipanda unapokata kulia na kushuka unapokata kushoto, shuku beringi ya kushoto. Ukiwa kinyume, shuku ya kulia. Hiki ni kidokezo kizuri lakini si hukumu. Beringi hizi zina safu mbili za gololi, na inategemea ni safu ipi iliyoumia. Ipo beringi inayopiga kelele zaidi pale ambapo usingeitegemea. Kidokezo hicho kibebe hadi kwenye jeki, ndipo kithibitishwe.

Kabla ya jeki, tairi. Hakuna kinachowapotosha watu kwenye jambo hili kuliko tairi lililolika vibaya, kwa sababu nalo huvuma, nalo huongezeka na mwendo. Kuna njia mbili za kulitofautisha. Sauti ya tairi hubadilika sana barabara inapobadilika: ukitoka kwenye lami ya zamani yenye kokoto na kuingia kwenye lami mpya laini, inaweza karibu kupotea. Mvumo wa beringi huendelea bila kujali. Njia ya pili ni mkono wako. Gari likiwa limesimama, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma. Ukihisi upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama meno, au ukihisi mabonde na vilima, tairi lenyewe linavuma. Bado una shaka? Hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Kelele ikihamia nyuma, umeokoa bei ya beringi na gharama ya fundi kwa kazi ya nusu saa. Sijui kwa nini jaribio hili halifanywi kila mara, maana ndilo la bei nafuu kuliko yote.

Sauti nyingine zina tabia zake. Sivijointi iliyokwisha hulia ka-ka-ka usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari likivuta, si kwenye mwendo mrefu wa barabara iliyonyooka. Mkwaruzo mwembamba unaoanza ghafla baada ya tairi kufunguliwa mara nyingi ni lile bati la nyuma ya diski, limepinda na kugusa. Mlio unaobadilika ukikanyaga breki uko kwenye pedi.

Nyanyua gari, tumia mikono

Simama mahali pagumu na sawa, vuta hendibreki, weka mawe au vigingi nyuma ya matairi yanayobaki chini. Nyanyua upande unaoushuku kwa jeki, kisha weka stendi chini ya sehemu ngumu ya chesisi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Usiingize kichwa wala mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, na matofali si stendi. Weka gia huru.

Shika tairi juu na chini, mkono mmoja saa 12 na mwingine saa 6, uvute na kusukuma. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki uendelee kutikisa. Kucheza kukiisha breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga habu na nako zikawa kitu kimoja. Kukiendelea, angalia boljointi na viungo vingine vya chini. Kisha shika saa 9 na saa 3. Likicheza hapo tu, mara nyingi ni tairodi.

Lakini usilisubiri tairi licheze ndipo uamini. Beringi nyingi huvuma kwa muda mrefu zikiwa bado zimekaza. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: weka vidole vya mkono mmoja kwenye springi ya shokapu, kwa wepesi, na kwa mkono mwingine zungusha tairi kwa nguvu. Springi hupokea mtetemo kutoka kwenye nako na kuuleta vidoleni. Beringi nzima haikupi kitu, au hukupa msuguano mdogo wa pedi unaokuja na kwenda. Beringi mbovu inakukwaruza vidoleni, mtetemo mkavu unaofuata mzunguko wa tairi. Nenda upande wa pili ufanye vilevile, halafu rudi. Ukilinganisha pande mbili hutahitaji kuambiwa na mtu. Asiyeamini vidole achukue bisibisi ndefu, aiweke ncha kwenye nako, mbali na vitu vinavyozunguka, na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, mwenzake akizungusha tairi.

Pima na magurudumu ya nyuma pia. Bodi ya gari husafirisha sauti, na beringi ya nyuma inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya miguu ya dereva.

Ukishathibitisha, usiendelee kuahirisha. Beringi inayovuma tu inaweza kukufikisha nyumbani na gereji. Beringi inayocheza, au yenye habu inayochemka kuliko ya upande wa pili baada ya safari isiyo na breki nyingi, haipaswi kuingia barabara kuu. Diski huyumba na kusukuma pedi nyuma, breki ikashuka hadi chini unapoikanyaga, na mwisho wake habu inaweza kuvunjika au kuachia ikiwa kwenye mwendo.

Kununua

Nenda na namba ya chesisi, si jina la gari tu, maana gari la jina moja linaweza kuwa na beringi tofauti kulingana na mwaka, injini na kuwapo kwa ABS. Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, muuzaji mzuri atakuuliza namba hiyo kabla hujamaliza salamu. Beringi za aina hii mara nyingi zina namba inayosomeka: DAC38740036, kwa mfano, ni tundu la milimita 38, upana wa nje milimita 74, unene milimita 36. Ukiwa na beringi ya zamani na kipimo cha venia unaweza kuhakikisha mwenyewe dukani.

Koyo, NTN na NSK ni watengenezaji wa Japani, SKF ni wa Uswidi, na majina yao yote huchapishwa pia kwenye maboksi ya bandia. Boksi halithibitishi kitu. Itazame beringi yenyewe: maandishi kwenye pete yawe safi na ya kina kimoja, sili zikae sawasawa, na ukiizungusha kwa mkono iende kwa uzito laini wa grisi mpya, bila kukwama popote. Inayozunguka kwa wepesi wa ajabu na kulia ikiwa kavu, iache kaunta.

Beringi iliyotumika usinunue kabisa, hata ikizunguka vizuri. Ili kuitoa kwenye nako, iliminywa kwa tani za nguvu zilizopita kwenye gololi zake. Ikiwa hela haitoshi, heri kununua nako nzima ikiwa na habu yake, iliyotoka kwenye gari lililovunjwa na ambayo haijawahi kutenganishwa. Izungushe kwa mkono kwanza. Hiyo nakubaliana nayo, kwani haihitaji presi ya kushindilia beringi.

Nunua pamoja na nati mpya ya shafti, klipu mpya ya duara na kotapini mpya. Ni vitu vya hela ndogo.

Kufungua

Anza na nati ya shafti, ile ya katikati ya gurudumu, gari likiwa bado chini, kwa sababu ndiyo iliyokaza kuliko zote. Kwenye Toyota nyingi za kundi hili ni soketi ya 30. Tazama mdomo wa nati: utaona sehemu imepondwa kuingia kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Inyanyue sehemu hiyo kwa tindo nyembamba mpaka iachie kabisa, la sivyo itakula meno ya shafti. Kwenye magari ya zamani zaidi utakuta kotapini na kofia. Mwenzako akanyage breki, nawe ulegeze nati kwa mpini mrefu. Ilegeze tu, usiitoe, na gari lisitembezwe tena.

Nyanyua, weka stendi, toa tairi. Fungua bolti mbili za nyuma za kalipa na uitundike kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki. Diski ikigoma, tazama uso wake: kuna matundu mawili yenye meno. Ingiza bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, diski itajisukuma yenyewe bila kupigwa. Sensa ya ABS itoe mapema, taratibu, na uiweke mbali. Plastiki yake huzeeka na hupasuka.

Tairodi: toa kotapini na nati, kisha pigapiga kwa nyundo ubavu wa sikio la nako, si ncha ya meno ya tairodi. Sikio likishtuka, tairodi huachia. Boljointi ya chini kwenye Toyota hizi imefungwa kwenye mkono wa chini kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kuitoa kwenye nako. Rudisha nati ya shafti iwe sawa na ncha ya shafti, igonge kwa nyundo ya plastiki mpaka shafti icheze kwenye meno ya habu, ndipo uitoe. Usiivute shafti kuelekea nje, maana sivijointi ya ndani inaweza kuchomoka. Itundike nayo kwa waya. Mwisho, weka alama ya chaki au rangi mahali shokapu inapokutana na nako, kisha toa bolti mbili zinazoziunganisha. Nako sasa iko mkononi mwako.

Kwenye presi

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kupona. Ipeleke nako kwa mwenye presi ya haidroliki, iwe gereji kubwa au karakana ya kuchonga vyuma, na usiiache ukaondoka. Simama hapo. Mteja anayeangalia kwa adabu na kuuliza swali moja au mawili hufanyiwa kazi tofauti.

Habu inasukumwa kwanza. Inapotoka, karibu kila mara huondoka na pete moja ya ndani ya beringi ikiwa imeing'ang'ania. Pete hiyo hutolewa kwa pula. Pula isipopatikana, fundi hodari anaweza kuisaga kwa grainda upande mmoja mpaka ibaki nyembamba, kisha akaipasua kwa tindo. Akiingia na grainda hadi kwenye habu yenyewe, habu hiyo imekwisha. Ipanguse na uitazame: pale pete ilipokaa pawe pasafi na pa duara. Ukiona rangi ya buluu ya moto au mikwaruzo ya kuzunguka, pete ilikuwa inateleza juu ya habu, na beringi mpya nayo itateleza. Badilisha habu.

Klipu ya duara inatolewa kwa plaizi yake, kisha beringi ya zamani inasukumwa nje. Hiyo imeshakufa, isukumwe kwa vyovyote. Tundu la nako lisafishwe kwa msasa mwembamba na kitambaa, likaguliwe kwa tochi, lipakwe oili kidogo. Mafundi wengine, wakiona tundu limelegea, hulipiga ponchi pande zote ili chuma kivimbe, au hufunga beringi kwa kipande cha kopo. Usikubali hata moja. Beringi itashikiliwa na vinundu vichache, itapinda, na italegea tena. Nako iliyolegea hubadilishwa.

Sasa shika hili kuliko yote niliyoandika: nguvu ya presi isipite kwenye gololi. Beringi inapoingizwa kwenye nako, kinachobana ni pete ya nje, kwa hiyo chuma cha kusukumia kiwe na upana wa pete ya nje na kiguse hiyo peke yake. Pete ya nje ya beringi ya zamani, ikisagwa nje kidogo ili isikwame ndani ya tundu, hutosha kwa kazi hiyo. Habu inapoingizwa kwenye beringi, kinachobana ni pete ya ndani, kwa hiyo sasa chuma cha kukingia chini kiwe chini ya pete ya ndani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaiweka nako juu ya meza ya presi, ikiwa imeegemea kingo zake, na kushindilia habu kutoka juu. Nguvu yote inatoka pete ya ndani, inapita kwenye gololi, inaishia pete ya nje. Gololi zinachimba vijishimo kwenye njia yake. Beringi itazunguka, itaonekana sawa, na itaanza kuvuma mapema. Nyundo hufanya dhambi hiyohiyo kwa ukali zaidi.

Kama gari lina ABS, tazama beringi kabla haijaingia. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni upande mmoja wa sili una sumaku inayosomwa na sensa, na upande huo lazima utazame ndani, kwenye sensa. Gusisha klipu ndogo ya karatasi kwa wepesi uone upande gani unaivuta. Ikiingia kinyume, taa ya ABS haitazimika, na kuirekebisha ni kununua beringi nyingine.

Ukiigandisha beringi kwenye friza usiku mzima, ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, hupungua kidogo na huingia kwa urahisi zaidi. Kuichoma nako kwa gesi, hapana. Beringi ikishafika mwisho, klipu ikae ndani ya mfereji wake mzunguko mzima. Izungushe kwa plaizi uhakikishe. Na kabla habu haijarudi, bati la nyuma ya diski liwe limeshafungwa. Likisahaulika, halipiti tena, na habu itabidi itolewe pamoja na uhai wa beringi mpya.

Kurudisha na kukaza

Kurudisha ni kinyume cha kufungua: linganisha alama zako za shokapu, weka kotapini mpya, funga sensa bila kuilazimisha. Jambo moja linahitaji subira, nalo ni nati ya shafti. Nati hiyo ndiyo inayozibana pete mbili za ndani ya beringi na kuzipa mkao wake sahihi. Ikilegea, pete zinatembea. Ikikazwa bila kipimo kwa bunduki ya upepo, hujui umefika wapi. Kwenye Corolla za NZE121 kipimo ni niutoni mita 216. Cha gari lako kihakikishe kwenye kitabu cha matengenezo.

Spana ya torki ikikosekana, kuna njia ya haki. Niutoni mita 216 ni sawa na nguvu ya kilo 22 kwenye mwisho wa mpini wa mita 1. Chukua bomba, pima mita 1 kutoka katikati ya nati, funga hapo ndoano ya mizani ya kuning'inizia, ile ya kupimia magunia au nyama. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu, nawe uvute mizani ikiwa imesimama mraba na bomba, polepole, mpaka isome kilo 22 huku nati ikiendelea kusogea. Simama hapo. Kisha ponda mdomo wa nati mpya uingie kwenye mfereji wa shafti. Fanya haya yote kabla ya kushusha gari, kwa sababu beringi isiyobanwa na nati hiyo haipaswi kubeba uzito wa gari hata kidogo. Nati za tairi zikazwe kwa kukatiza, hadi niutoni mita 103.

Kabla ya kushusha, zungusha tairi ukiwa umeshika springi kama ulivyofanya mwanzo. Pawe kimya. Kisha kanyaga breki mara kadhaa ili pedi zirudi kwenye diski, ndipo uende barabarani. Baada ya kilomita 20 hivi simama, sogeza mkono karibu na habu bila kuigusa, linganisha joto la pande mbili, na ukague tena nati za tairi. Kwa kuwa bolti za shokapu zilitolewa, peleka gari likapimwe alaimenti.

Gari lako likiwa la aina ambayo beringi na habu huja pamoja, zimefungwa kwa bolti tatu au nne, ruka sehemu yote ya presi. Kipimo cha nati ya katikati kinabaki na uzito uleule. Na kama una Hilux ya zamani au gari jingine lenye beringi mbili za roli za mshazari kwenye kila gurudumu la mbele, hizo hufunguliwa, huoshwa, hupakwa grisi na kurekebishwa kwa kukaza nati huku gurudumu likizungushwa, kulegeza, kisha kukaza tena kwa wepesi mpaka kucheza kuishe na gurudumu libaki jepesi. Hizo ndizo zinazostahili kuongezewa grisi kila matengenezo makubwa.

Mvumo ukirudi baada ya majuma machache, usikubali kuambiwa "tuikaze kidogo". Rudi na risiti, rudi na fundi huyohuyo, na beringi nyingine iingizwe ukiwa umesimama mbele ya presi.